Apolo Kivebulaya na Furaha Iliyoingia Naye Jela

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye Wafilipi sura ya 4, na mchungaji alitukumbusha kwamba Paulo aliandika barua ile akiwa kifungoni. Baada ya ibada, watu kama watatu hivi walinishika mkono pale mlangoni na kuniambia maneno yanayofanana. Walisema Paulo ni Paulo, alikuwa mtume. Lakini mama wa Ikonge ambaye bonasi ya majani chai imetoka vile imetoka, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, yeye atafurahi vipi?

Ni swali la haki, na sitaki kulijibu kwa haraka. Nimeomba nafasi ya ukurasa huu wiki hii niwaletee mtu wa kwetu Afrika Mashariki, mtu ambaye babu zetu wangeweza kukutana naye. Ukipanda gari hapa Kisii mjini, upite Kisumu na Busia, uingie Kampala, uendelee hadi Fort Portal, halafu uvuke mto Semliki na kuingia Kongo, utafika mahali panaitwa Mboga. Siku hizi wengi huandika Boga. Huko ndiko alikozikwa Apolo Kivebulaya. Wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake kwenye mimbari, na mimi naona hiyo ni hasara, kwa sababu tunawajua wahubiri wa Marekani kwa majina mpaka majina ya wake zao.

Alizaliwa Buganda miaka ya 1860. Alikuwa pacha, na Waganda humwita pacha wa kwanza wa kiume Waswa, kwa hiyo hilo ndilo lilikuwa jina lake la nyumbani. Alikua wakati mji mkuu wa Kabaka Mutesa umejaa walimu wa dini: Waislamu kutoka pwani, Wakatoliki kutoka Ufaransa, Waprotestanti kutoka Uingereza. Kijana Waswa alisoma Uislamu kwanza. Baadaye alimsikia Alexander Mackay, yule Mskoti aliyekuwa fundi wa kila kitu, wa chuma, wa mbao na wa kuchapa vitabu. Maneno ya Mackay yalimwingia, lakini hayakumgeuza siku hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Buganda ikaingia vita vya dini, watu wakapigana kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya vyeo, na Waswa naye akashika silaha. Alikuwa askari.

Jina Kivebulaya maana yake kwa Kiganda ni kile kilichotoka Ulaya. Walimpa kwa sababu ya koti la kizungu alilopenda kulivaa pamoja na kanzu yake. Mimi hilo jambo hunichekesha kidogo. Mtu aliyekuja kujulikana kwa kuacha vitu alipewa jina kwa sababu ya nguo. Hata hivyo linanifundisha kwamba hakuzaliwa mtakatifu. Alikuwa kijana aliyependa kuonekana, kama vijana wetu wa Daraja Mbili siku ya Krismasi.

Mwaka 1893 kuna jambo lilitokea Uganda ambalo sisi Wapentekoste tunapaswa kulijua. Mmisionari mmoja, George Pilkington, alikuwa amechoka kiroho. Alikuwa msomi mkubwa, alikuwa ametafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiganda, lakini aliona huduma yake imekauka. Akaenda kisiwa cha Kome katika Ziwa Victoria, na huko akamtafuta Roho Mtakatifu mpaka akapata nguvu mpya. Aliporudi Mengo mwezi Desemba, uamsho ukawaka. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 12 kabla ya Azusa Street. Watu walitubu hadharani, na Waganda wakajitolea wenyewe kwenda kufundisha sehemu za mbali. Katika wimbi hilo ndipo tunamkuta Waswa akibatizwa mwaka 1895 na kuchukua jina Apolo, lile la mhubiri wa Matendo sura ya 18. Mwaka huo huo akatumwa Toro kama mwalimu wa kanisa. Fikirini kasi hiyo. Sisi hapa mtu akiokoka leo, kwanza tunamweka darasani miezi sita.

Mke alikuwa naye, akafa. Baada ya hapo Apolo hakuoa tena maisha yake yote. Hili naliandika kwa sentensi chache tu, lakini wajane na wagane wa kanisa hili watajua uzito wake. Nyumba yake haikuwa na mwenyeji wa kumngojea jioni, na kwa Mwafrika wa wakati ule, mwanaume bila mke na watoto alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Ukienda kumpima Apolo kwa vipimo vya ukoo, alikuwa amefilisika.

Mwaka 1896 akavuka kwenda Mboga. Kutoka Toro unapita upande wa kaskazini wa milima ya Rwenzori, unashuka kwenye bonde lenye joto kali, unavuka Semliki, kisha unapanda tena upande wa pili. Kutoka Mboga ukitazama magharibi unauona mwanzo wa msitu mkubwa wa Ituri. Walimu wengine wa Kiganda walikuwa wametangulia kwenda huko na hawakudumu, kwa sababu chifu wa Mboga, aliyeitwa Tabaro, alikuwa amewabana kwa chakula. Hakuwapiga mikuki. Aliwaambia watu wake wasiwape wala kuwauzia chakula, basi. Njaa ikafanya kazi iliyobaki.

Apolo alipofika alikuta amri ni ile ile. Yeye akalima. Alichukua jembe akafungua shamba lake, akangoja mazao kama mtu mwingine yeyote. Nimesomea biashara chuo kikuu, na pale tulifundishwa kwamba mshindani akikufungia soko unatafuta njia nyingine ya kupata bidhaa. Apolo hakusoma hayo popote, lakini alielewa kwamba mtu anayeshikilia sahani yako anashikilia pia uso wako. Akikunyima unakunja uso, akikupa unatabasamu. Apolo alipoanza kula jasho lake, Tabaro alibaki na njia moja tu, ya nguvu.

Na aliitumia. Watu walipoanza kuja kusoma, chifu aliona mamlaka yake inapungua, kwa sababu Apolo alifundisha dhidi ya pombe, uganga na wake wengi, na hayo yote yalikuwa nyumbani kwa chifu. Apolo akapigwa, na kanisa lake likachomwa moto. Alilijenga tena.

Kisha ikaja ile ajali. Tafadhali someni sehemu hii polepole.

Dada ya Tabaro alikuwa akibeba mzigo wa matete kwa ajili ya ujenzi wa Apolo. Ndani ya mzigo kulikuwa na mkuki ambao hakuuona. Akajikwaa, akaangukia ule mkuki, akafa. Hakuna aliyemsukuma. Lakini wazieni hali ilivyokuwa: mgeni ambaye chifu anamchukia, kazi ni ya mgeni, mkuki ulikuwa wa mgeni, na aliyekufa ni dada ya chifu. Sisi Abagusii hatuhitaji kuelezwa mkuki unaweza kuleta nini. Karibu miaka 10 baada ya ajali hiyo, mwaka 1908, Otenyo alimchoma mkuki Northcote, na tunajua vile moto ulipita katika nchi yetu. Tabaro alisema Apolo ni muuaji. Apolo akafungwa na kupelekwa Fort Portal mbele ya serikali ya Waingereza, njia ile ile aliyokuja nayo kama mwinjilisti, safari hii akiwa mshtakiwa, kisha akatupwa jela.

Nimetembelea jela mara kadhaa katika huduma, pamoja na wenzangu wa idara ya uinjilisti. Kitu kinachowaumiza wafungwa zaidi, kutokana na vile wao wenyewe hutuambia, si ugali wala sakafu. Ni usiku. Taa zikizimwa, mtu anabaki na kichwa chake. Kile alichokiweka kichwani miaka yote ndicho kitakachozungumza naye mpaka asubuhi. Aliyeweka chuki, chuki itampigia hesabu za kulipiza kisasi. Aliyeweka hofu ataona kitanzi.

Apolo naye alikuwa na sababu zote za kuwaza mabaya. Hakuwa na mke wa kumletea chakula. Kwao Buganda kulikuwa mbali sana. Wale aliowaacha Mboga walikuwa waumini wachanga chini ya chifu mkali, na angeweza kudhani kazi yote imekufa. Zaidi ya hayo, mwanamke alikuwa amekufa kweli akimfanyia yeye kazi. Hata kama huna hatia mahakamani, jambo kama hilo linakaa moyoni. Wanaosimulia maisha yake wanasema alikaribia kukata tamaa, nami nashukuru kwamba hawakulificha. Kuna mafundisho siku hizi yanayosema mwamini wa kweli hashuki moyo. Kama ni hivyo, tumfute Apolo kwenye orodha, na Eliya chini ya mretemu pia tumfute.

Katika kipindi hicho cha kupigwa na kufungwa ndipo alipata maono yaliyomshika mpaka kufa kwake. Alimwona Yesu Kristo akimjia katika mwanga kama wa jua, akamtia moyo, akamwambia asiogope kwa maana yupo pamoja naye, na ahubiri. Ni hayo tu. Angalieni kile ambacho maono hayo hayakuwa nacho. Hakuambiwa kesi itaisha lini. Hakuambiwa Tabaro atapigwa na ugonjwa. Hakuahidiwa nyumba wala mke mwingine. Sisi tungeketi na mtu aliyepata maono kama hayo, swali letu la kwanza lingekuwa: sasa, Bwana alisema utatoka siku gani?

Apolo alipewa mtu wa kukaa naye. Minyororo ilikuwa ile ile asubuhi yake. Kilichobadilika ni kile alichokuwa akikitazama, na hapo ndipo naona mambo mawili yanakutana ambayo sisi tunapenda kuyatenganisha. Furaha yake ilikuwa zawadi, hakuitengeneza mwenyewe. Lakini kuitunza ilikuwa kazi yake. Maono yalikuja mara moja. Aliishi zaidi ya miaka 30 baada yake, na katika miaka hiyo mvua ilimnyeshea, homa ilimshika, watu walimwacha. Kila mara ilibidi arudi mwenyewe kwenye lile neno, alikumbuke, alishike, akatae sauti nyingine. Ndiyo ile kazi ya Wafilipi 4 tuliyofundishwa Jumapili, ya kuchagua mawazo yatakayokaa na yatakayoonyeshwa mlango.

Alikuwa pia akiandika. Daftari zake za kila siku zimehifadhiwa hadi leo, ameziandika kwa Kiganda. Siandiki hapa yaliyomo. Ninachotaka mkione ni ile tabia. Mtu mmoja, pembeni ya msitu, jioni baada ya kutembea siku nzima, anakaa chini na kuandika siku yake ilivyokuwa. Wenye maduka hapa kanisani wanajua umuhimu wa kitabu cha mauzo. Ukikosa kuandika, mwisho wa mwezi unabaki kusema pesa imeenda wapi, na unaanza kumshuku mtoto wa duka. Moyo nao ukikaa bila hesabu unaanza kushuku watu. Unaona kama kila siku ilikuwa mbaya, kumbe zilikuwa mbili kati ya saba. Kuna dada mmoja katika ushirika wetu wa nyumbani ambaye tangu mwaka jana huandika kila usiku jambo moja aliloliona la Mungu, hata kama ni mvua tu iliyonyesha kwenye mahindi. Bado ana madeni yake. Lakini mume wake ndiye aliyetuambia kwamba nyumbani kuna utulivu.

Na niseme jambo moja kando. Kama usingizi umekukataa wiki nyingi, chakula hakipiti, na mawazo ya kujidhuru yanakuja, usijifungie chumbani ukisema unafunga na kuomba. Mwambie mchungaji, mwambie mtu wa nyumbani, na uende hospitali. Apolo mwenyewe alikuwa mtu wa watu. Tuendelee.

Ilibainika kwamba kifo cha yule mwanamke kilikuwa ajali, Apolo akaachiliwa. Sasa hapa ndipo kila mtu mwenye akili ya hesabu angempa ushauri mmoja: omba uhamisho. Mboga kuna chifu aliyekupiga, aliyekuchomea kanisa na kukupeleka kwenye kitanzi. Toro kuna kazi nyingi, mfalme Kasagama mwenyewe amebatizwa, na watu wanakupenda. Kwa lugha ya shule, gharama ya Mboga ilikuwa kubwa na faida ndogo.

Apolo alirudi Mboga.

Akamkuta Tabaro, na Tabaro akamwona mtu aliyemtakia kifo akirudi bila kisasi usoni. Nadhani hicho ndicho kilichomshinda chifu. Upinzani angeuelewa, maana yeye mwenyewe alikuwa bingwa wake. Lakini mtu uliyemnyang'anya kila kitu na bado ana kitu, huyo anakusumbua usiku. Tabaro akaanza kusikiliza, na baadaye akabatizwa, akaitwa Paulo. Mkitaka kujua furaha ya Apolo ilikuwa ya kweli au alikuwa anajikaza tu, angalieni hapo. Mtu anayejikaza hawezi kumfundisha adui yake katekisimu kwa subira, siku baada ya siku, katika kijiji ambamo dada ya huyo adui amezikwa. Angepasuka.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitumika Toro kwa muda mrefu, akizunguka vijiji kwa miguu. Wakati huo wakoloni walikuwa wakigawana ramani, na mpaka ulipowekwa, Mboga ikaangukia upande wa Wabelgiji. Kwa hiyo wale waumini wake wa kwanza walijikuta katika nchi nyingine, chini ya serikali iliyotumia Kifaransa, na wengine wakahama. Katikati ya miaka ya 1910 Apolo akaomba kurudi kwao na kukaa nao. Hapo alikuwa amepita miaka 50. Huku kwetu wakati huo misheni za Nyabururu na Nyanchwa ndiyo kwanza zilikuwa zimefunguliwa, na wazee wetu walikuwa bado wanajiuliza hawa watu wanataka nini.

Kutoka Mboga alikuwa akiuona ule msitu kila siku. Ndani yake waliishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, wawindaji, ambao majirani zao wengi waliwadharau na kuwahesabu kama nusu watu. Kuanzia mwaka 1921 Apolo, akiwa tayari mzee, akaanza kuwafuata msituni. Alilala kwenye kambi zao, akajifunza lugha yao, akasaidia kuitafsiri Injili ya Marko ili waisikie kwa maneno yao. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Kwa Mganda hiyo ilikuwa heshima kubwa sana, ni kama mtoto wa kijiji cha Kitutu kuwekwa meza ya mbele kule Nairobi. Wangeweza kumpa nyumba nzuri Mengo amalizie uzee wake karibu na hospitali. Alirudi kwenye msitu wake na mvua yake. Kabla ya kufa aliwaona Wambuti wa kwanza wakibatizwa.

Najua mtu atauliza, mchungaji, kwani umaskini ndio utakatifu? Hapana. Mimi ninaamini Mungu hubariki kazi ya mikono, na ndiyo maana kila mwaka tunafanya semina ya biashara na hata kuwafundisha vijana kuweka akiba. Mwenye ng'ombe wa maziwa kule Nyansiongo ampende ng'ombe wake. Apolo naye alilima, na alilima vizuri. Ninachokiona kwake ni kwamba shamba lilikuwa mahali pa kupata chakula. Hakulituma likamletee furaha. Sisi tunalituma. Tunaiambia bonasi ya Oktoba iende ituletee amani, tunaambia matokeo ya mtoto ya KCSE yatuletee heshima, tunaambia ploti ya Keroka itunyamazishie majirani. Vitu vyenyewe havina hatia, ni mzigo tu tumevibebesha usio wao. Halafu vikirudi bila amani tunavilaumu, tunamlaumu mke, tunalaumu ndugu aliyepata kipande kikubwa cha shamba la baba.

Hilo la mashamba nililiandika nikijua linawagusa wengi. Katika kaunti hizi zetu mbili ardhi imekatwa mpaka imebaki vipande vidogo vidogo, na kila wiki tunaitwa kuombea nyumba ambazo ndugu hawaongei. Sina jibu la ramani, hilo ni la wazee na serikali. Ila nimeona ndugu wawili wenye kesi moja, mpaka mmoja, hasira moja ya kurithi, mmoja analala na mwingine halali. Nilipomwuliza yule anayelala, alisema aliamua kwamba mpaka ule utakaa shambani na hautaingia chumbani. Anaendelea na kesi yake, ana wakili, hajakubali kudhulumiwa. Lakini saa mbili usiku anafunga faili, anasoma zaburi moja na watoto, analala. Nilifikiria Apolo kule Fort Portal.

Apolo alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Hakuacha mtoto wa kumzaa. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kutoka kwake. Eneo lile miaka hii limepata mateso makubwa kwa sababu ya vikundi vya silaha, na waumini wamekimbia mara nyingi, kwa hiyo tukiombea Kongo Ijumaa kwenye kesha, tutaje pia Mboga kwa jina.

Jambo la mwisho alilopanga ni kaburi. Hapa kwetu tunajua vile mahali pa kaburi na upande wake ni mambo mazito, wazee wanaweza kukaa kikao usiku kucha kwa ajili hiyo. Waganda nao wana desturi zao za namna ya kumlaza maiti. Apolo aliomba desturi hiyo iachwe kwake. Aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, upande ambao Injili ilikuwa haijafika. Wakamzika hivyo.